Nani kakwambia upunguze?

Mwezi huu mkoba wa barua umejaa waigizaji wa jukwaani walioitwa kwenye televisheni, au wanaotamani kuitwa. Nimechagua barua 4. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu hiyo ni barua yangu mwenyewe: niliiandika kichwani miaka 22 iliyopita, nikakosa wa kumpelekea.

*Shikamoo mama. Nina umri wa miaka 34, na 12 kati ya hiyo nimeitumia jukwaani. Nimefunzwa sauti, pumzi na mwili; aliyekaa kiti cha mwisho ukumbini ananisikia hata nikinong'ona. Mwaka huu nimepata nafasi katika tamthilia ya televisheni, mhusika wa kudumu, si wa kupita njia. Hii ni wiki ya tatu na neno ninalolisikia kutwa ni moja: punguza. Mwongozaji anasema punguza. Mwanakamera anasema punguza. Juzi hata kijana anayebeba taa kanivuta pembeni, "Kaka, punguza kidogo." Basi nimepunguza sauti, nikapunguza mikono, nikapunguza uso. Jana wakanionyesha kipande kilichokwisha kuhaririwa. Nilijiona kama mtu aliyepigwa sindano ya ganzi. Na sasa mwongozaji analalamika kwamba nimepoa! Mama, nifanye nini? Naanza kuona yote niliyojifunza ni mzigo tu.*
*Aliyepunguzwa*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na ugomvi wangu na hilo neno. "Punguza" ni neno la mtu aliyeona kosa lakini hana dawa yake. Anakuchukulia kama redio: inapiga kelele, basi zungusha kitufe. Wewe ukatii, ukazungusha, na kitufe hicho hicho kikazima moto uliokuwa ndani. Ile ganzi uliyoiona kwenye kipande si kosa jingine jipya. Ni matokeo ya kutii.

Nikusimulie siku yangu ya kwanza. Nilikuwa na miaka 19 ya jukwaa na kiburi chake chote. Sehemu yangu ilikuwa ya mama anayeletewa habari kwamba mwanawe amekamatwa. Mwongozaji akasema anza. Nikavuta pumzi kutoka tumboni kama nilivyofunzwa, nikaachia sentensi ya kwanza. Fundi wa sauti, kijana mrefu aliyekuwa amekaa pembeni na mashine yake, akazivua hedifoni kana kwamba zimemuunguza. Nilidhani atanigombeza. Akaja taratibu, akaomba ruhusa, akafunua ncha ya mtandio wangu na kunionyesha maiki aliyokuwa ameipachika pale asubuhi, kadude kadogo kama punje ya mbaazi. "Mama," akasema kwa adabu, "mimi niko hapa."

Hakuniambia nipunguze. Aliniambia yuko wapi.

Jukwaani msikilizaji wako yuko mbali, pengine hatua 30 gizani, na kazi yako ni kumpelekea jambo hadi kwenye kiti chake. Ukimzungumzia mwenzako aliye mbele yako, kwa kweli unawazungumzia watu wawili: yeye, na yule wa kiti cha mwisho. Sauti inapita juu ya kichwa cha mwenzako, mwili unageuka nusu kuwaelekea watu, mkono unapanda ili wazo lionekane. Tunafanya hivyo miaka mingi hadi tunasahau kwamba tunafanya. Kwenye televisheni yule mtu wa pili hayupo. Amekuja kukaa katikati yenu, karibu kuliko mkeo alivyowahi kukaa, na hataki kuletewa chochote, amekuja kuchungulia. Kinachobadilika basi ni anwani, wala si kipimo. Zungumza na aliye mbele yako tu. Akiwa umbali wa hatua moja, zungumza kwa hatua moja. Akiwa ng'ambo ya barabara, piga ukelele, na utaona hakuna atakayekwambia upunguze, kwa sababu hapo ukelele una mtu wa kumfikia.

Jaribu hivi leo jioni. Chukua yale maneno yaliyokuletea taabu. Yaseme kwa mtu mliyekaa naye bega kwa bega. Halafu aende upande wa pili wa chumba, uyaseme tena. Halafu aingie chumba cha pili na mlango ufungwe nusu. Unachokitaka kutoka kwake kisibadilike hata chembe: ukimwomba msamaha, mwombe msamaha mara zote tatu kwa njaa ile ile. Utakuta mikono na uso vinajipanga vyenyewe kufuata umbali, bila wewe kuvishikia fimbo.

Macho ni habari nyingine. Wa kiti cha mwisho haoni mboni ya jicho lako, ndiyo maana jukwaani tunaliashiria wazo kwa kichwa, kwa bega, kwa hatua. Kamera ikija karibu inaiona mboni. Wazo likipita kweli, limeonekana, huna haja ya kuliashiria. Lakini lazima lipite kweli! Na hapa nitawasema wenzangu wa jukwaani, maana nami nimefanya: usiku wa 60 wa mchezo ule ule, mtu unaweza kulia vizuri kabisa huku unawaza kama ulifunga dirisha nyumbani. Ukumbi haujui. Picha ya karibu inajua.

Ukitaka mfano wa mtu wa jukwaa ambaye hakupungua, mtazame Viola Davis wa Marekani. Alihitimu chuo cha sanaa cha Juilliard mwaka 1993, akapata Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani, mwaka 2001, na kwa miaka mingi televisheni ilimpa vijisehemu vya siku moja mbili. Mwaka 2014 alipopata mfululizo wa kuubeba yeye mwenyewe, kuna sini moja, yaani tukio moja la hadithi, anakaa mbele ya kioo usiku, anavua wigi, anabandua kope, anafuta poda usoni, pole pole, mpaka anabaki uso mtupu. Kabla ya kumgeukia mumewe na kumuuliza swali lake, hasemi kitu. Hiyo si kazi ndogo, mwanangu. Ni tendo kubwa linaloweza kushika ukumbi mzima. Mwaka uliofuata akachukua Emmy, tuzo ya televisheni, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata katika kundi la waigizaji wakuu wa kike wa tamthilia. Sidhani kama kuna mtu aliyemwambia apunguze pale kwenye kioo.

Sasa yale mambo ya seti, pale mnapopigia picha, ambayo hakuna mtu anayekaa kitako kukueleza. Nina hakika nusu ya "punguza" unazopewa zinatoka hapa.

La kwanza, na ndilo lililonitesa zaidi, ni utaratibu wa picha. Mara nyingi sini huanza kupigwa kwa upana, chumba kizima na watu wote, kisha kamera inasogea na kurudia yale yale kwa kila mmoja wenu. Mimi siku ile nilikuwa nimeshajifunza kutopiga kelele, lakini sikujua hili. Ilikuwa sini ya kilio. Asubuhi, kwenye picha ya upana, nikalia machozi yote niliyojaliwa na Mungu. Watu wa seti wakashangilia. Kwenye picha ile mimi nilikuwa na ukubwa wa kidole gumba. Zamu ya uso wangu ilipofika ilikuwa saa kumi jioni, na nilikuwa kisima kilichokauka. Wakanipaka dawa ya kuchomesha macho. Nilipoitazama baadaye niliona aibu, kwa sababu macho yalikuwa mekundu na nyuma yake hakuna mtu.

Mwigizaji mmoja mkongwe aliyekuwa anacheza dada yangu akanifundisha swali ambalo hadi leo naliuliza kabla ya kila picha. Mgeukie mwanakamera umuulize, "Unanikata wapi?" Atakwambia: magotini, kiunoni, kifuani, au chini ya kidevu. Jibu hilo ndilo ukumbi wako wa leo. Akikukata kifuani, ule mkono unaoupunga chini kwa ustadi hauonekani na mtu, bali unakutingisha bega, na bega ndilo linalomfanya mwongozaji aseme punguza. Na kwenye picha ya upana fanya kazi kwa uaminifu lakini usimwage ndoo yote. Kamera ikiwa kwa mwenzako na wewe uko nyuma yake, hapo mpe ndoo. Ni adabu ya kazi, na atakurudishia.

La pili ni mwendelezo. Kuna mtu anakaa karibu na mwongozaji na daftari na picha, kazi yake ni kukumbuka kwamba kikombe ulikiinua kwa mkono wa kulia, ukiwa kwenye neno "mwanangu", na kilikuwa kimejaa nusu. Mimi nilikiinua kwa kulia asubuhi, kwa kushoto mchana, na kwenye picha ya karibu sikukiinua kabisa. Yule bibie akaniita pembeni. Nikamjibu kwa majivuno kwamba sisi wa jukwaani hatuchezi mara mbili sawasawa, ndio uhai wa sanaa. Akanitazama, akasema, "Sawa dada, lakini mhariri akikata kutoka picha hii kwenda ile, kikombe chako kitaruka." Tangu hapo naelewa kwamba kila tendo la mkono ninalolichagua kwenye picha ya kwanza nimeolewa nalo kutwa nzima. Basi nikawa nachagua machache. Watu wakaanza kunisifu kwamba nimetulia. Kutulia gani! Nilikuwa naogopa ndoa nyingi.

Alama za sakafuni utazizoea: ule utepe uliobandikwa kama herufi T ndipo miguu yako isimame, vinginevyo unatoka kwenye mwanga na picha inakuwa na ukungu. Usiutazame unapokuja. Kabla ya kupiga, simama juu yake, tembea kinyumenyume hadi unapoanzia ukihesabu hatua, kisha uje kwa hesabu ile ile. Na usimdakie mwenzako maneno kwenye picha ya karibu bila kukubaliana na mwongozaji, maana sauti mbili zikigongana mhariri hana pa kukata. Siku nyingine mwenzako atakuwa amekwenda zake nawe unatoa kilio cha maisha mbele ya kipande cha karatasi kilichobandikwa kando ya lenzi. Mimi hukipa kile kikaratasi jina. Ni la siri.

Nimeliacha la mwisho lile ambalo hukuliuliza, lakini litakuja kukuuma kuliko punguza zote. Jukwaani hadithi ni mto: unaingia mwanzoni, unakubeba, unatokea mwisho umelowa. Kwenye televisheni wanapiga kwa kufuata mahali na ratiba. Sini zote za sebuleni wiki hii, zote za hospitalini wiki ijayo, hata kama mhusika alikufa hospitalini kabla ya sherehe ya sebuleni. Jumatatu unazika, Alhamisi unaposa. Hakuna mto. Unapewa maji kwa vikombe, na kila kikombe lazima kiwe na joto lake sahihi.

Nina daftari. Kila sini ina ukurasa wake, kwa mpangilio wa hadithi na si wa ratiba, na kila ukurasa una maswali 4. Nimetoka wapi dakika hii? Nimekwisha kujua nini? Bado sijajua nini? Mwili wangu ukoje: nimechoka, nimekimbia, nina njaa, mkono bado unauma? Asubuhi kabla ya kwenda kupambwa nasoma ukurasa wa leo na ule unaoutangulia, basi. Swali la tatu ndilo lenye mtego. Mwaka wangu wa kwanza tulipiga sini ninayogundua kwamba wifi yangu ndiye aliyemchongea mwanangu polisi. Wiki moja baadaye tukapiga sini inayokuja mapema kabisa katika hadithi, ninampokea mlangoni kwa furaha. Nilimpokea kwa furaha, nikamkumbatia, kila mtu akaridhika. Iliporushwa, jirani yangu, mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi wa maigizo, akanisimamisha: "Wewe tangu siku ile mlangoni ulikuwa umeshamjua." Macho yalikuwa yameibeba habari ya wiki iliyopita kuipeleka kwenye siku ambayo haikuwapo.

Mazoezi je? Jukwaani ulizoea wiki 4, pengine 6. Hapa utapewa dakika chache mtembee na kamera, halafu kazi. Kwa kukadiria, ukurasa mmoja wa mswada ni kama dakika moja ya picha, na kwa siku moja mnaweza kupiga kurasa nyingi. Kwa hiyo njoo umeyashika maneno, lakini yashike bila wimbo. Sisi wa jukwaani tuna tabia ya kujifunza maneno pamoja na mlio wake. Mwongozaji akisema, "Sema ukiwa unafunga kamba ya kiatu," wimbo unakataa kuinama. Mimi hujifunza maneno nikifagia, nikipanda ngazi, nikinong'ona, mpaka yasiwe na mlio wowote.

Unasema mafunzo yako ni mzigo. Subiri saa ya 13 ya siku ya kazi, wenzio wasiojua kupumua wamekauka koo, uone nani bado ana sauti. Kesho nenda kamuulize fundi wako wa sauti maiki iko wapi, umuulize na mwanakamera anakukata wapi. Halafu uniandikie, nataka kujua.

*Mama, heshima yako. Mwalimu aliyenilea katika kikundi chetu cha maigizo hajanisemesha tangu niseme naenda kwenye televisheni. Siku ya kuaga alisema mbele ya wenzangu wote: "Jogoo wa shamba hawiki mjini, na huyu hata kuwika kwenyewe ameshakuuza." Ninaumia. Je, kweli nimesaliti?*
*Jogoo*

Jogoo, nimecheka, kisha nikakuhurumia. Nami niliambiwa maneno ya jamii hiyo hiyo.

Mwaka 1987 Patrick Stewart, mwigizaji Mwingereza wa michezo ya Shakespeare aliyejiunga na kikundi cha maigizo cha Royal Shakespeare Company mwaka 1966, alichukuliwa kuwa nahodha wa chombo cha anga katika mfululizo wa Star Trek: The Next Generation. Gazeti moja likamwita mwigizaji wa Shakespeare asiyejulikana. Wenzake wakalifanya bango la utani wakalitundika kwenye gari lake la kupumzikia. Mwenyewe alikuwa na hakika mambo yatakufa upesi kiasi kwamba wiki za mwanzo hakutoa nguo kwenye masanduku. Zikapigwa sehemu 178, hadi mwaka 1994. Ninachokipenda ni kilichotokea katikati: mwaka 1991, mfululizo ukiwa bado unaendelea, alisimama peke yake Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, na kucheza wahusika wote wa hadithi ya Dickens ya Krismasi, bila mapambo ya maana. Jogoo huyo aliwika kote kuwili.

Lakini sitaki kukupa mfano mzuri nikuache hapo, kwa sababu mwalimu wako ana nusu ya ukweli. Mimi baada ya miaka 3 ya televisheni nilirudi jukwaani nikiwa na jina, tiketi zimeisha, najiona. Dakika ya tano, mzee mmoja wa safu ya saba akasema kwa sauti, "Hatusikii!" Na kweli hawakusikia. Sauti yangu ilikuwa imejikunyata ndani ya mtandio, kwenye ile punje ya mbaazi. Ilinichukua miezi kuirudisha. Sasa kila asubuhi nasoma kwa sauti dakika 20, dirisha la mbali ndilo msikilizaji wangu, na haupiti mwaka bila mchezo mmoja wa jukwaani, hata wa siku 5, hata wa bure.

Kamwamkie mwalimu wako. Mtoto ndiye anayeanza. Asipoitikia, nenda tena mwezi ujao, na ukimkuta anakosa mtu wa kumbebea mapazia, beba.

*Dada mpendwa, nina umri wa miaka 57, jukwaani tangu ujana wangu. Nimepewa mkataba wa televisheni wa msimu mmoja, na kuna kifungu kinachosema kampuni ina hiari ya kuongeza misimu mingine 5. Rafiki zangu wananipongeza kwamba nina kazi ya miaka 6. Wengine wananicheka kwa umri. Nisaini?*
*Bibi Mtarajiwa*

Mdogo wangu (ndiyo, nimekupita), hilo la umri tulimalize haraka. Mwigizaji Angela Lansbury alikuwa na miaka 58 na tuzo 4 za Tony mfululizo wake wa upelelezi ulipoanza kurushwa mwaka 1984. Uliendelea hadi 1996. Mwaka 2009, akiwa na miaka 83, akarudi kuchukua Tony ya tano. Wanaokucheka waambie wakahesabu.

La mkataba lisome tena, taratibu, miwani ikiwa machoni. Hiari ni ya nani? Imeandikwa ni ya kampuni. Maana yake wao wanaweza kukuongeza au kukuacha kila msimu unapokwisha, na wewe huwezi kukataa wakikutaka. Si kazi ya miaka 6, ni kazi ya msimu mmoja na kamba ya miaka 6. Sikwambii usisaini, kamba za namna hiyo ni za kawaida katika kazi hii, na nyingine zimewalisha watu vizuri. Marekani, katika jimbo la California, mwigizaji Olivia de Havilland aliipeleka studio yake mahakamani, na mwaka 1944 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba miaka 7 ya mkataba ni miaka 7 ya kalenda. Studio haikuruhusiwa kuongezea juu yake siku ilizomsimamisha kazi kwa kukataa sehemu alizopewa. Yeye alikuwa nyota na ilibidi aende mahakamani. Wewe nenda kwa mwanasheria kabla ya wino.

Mwambie akuangalizie haya: malipo yanapanda kiasi gani kila hiari inapotumika, au yanabaki yale yale ya leo; wana muda gani wa kukuarifu, maana usije ukakaa miezi 8 hujui kama umeajiriwa; picha zikirudiwa kurushwa au zikauzwa kwingine unapata chochote; na je, kati ya msimu na msimu unaruhusiwa kupanda jukwaani? Hilo la mwisho lidai liandikwe. Mimi niliahidiwa kwa mdomo, na aliyeniahidi alihama kampuni.

Wakikubali hayo, saini, na upige picha ukiwa unasaini, uwatumie wale wanaocheka.

*Shikamoo. Nimeambiwa nitume video ya usaili niliyojirekodi mwenyewe kwa simu. Sijawahi. Jukwaani tunaitwa, tunasimama, tunasema. Nianzie wapi?*
*Wa Simu*

Marahaba. Simu ilale kwa mapana, juu ya kitu kisichotikisika, lenzi ikiwa sawa na macho yako. Nyuma yako ukuta mtupu. Mwanga utoke mbele, dirisha la mchana linatosha. Ukiligeuzia mgongo utakuwa kivuli kinachoongea. Ikukate kifuani, isipokuwa wamesema vingine.

Tafuta mtu wa kukusomea maneno ya mwenzako, akae kando kabisa ya lenzi, na asome kwa sauti ya chini kuliko yako, asiigize. Nilipoteza nafasi moja kwa sababu msomaji wangu alikuwa mpwa wangu mwenye sauti ya mhubiri. Walimpigia simu yeye. Usiitazame lenzi isipokuwa unapotaja jina lako. Rekodi mara 4 au 5, halafu acha. Ya 30 haijawahi kuwa nzuri kuliko ya tatu.

Kabla ya kutuma, itazame mara moja bila sauti uone kama macho yanasema chochote, kisha isikilize mara moja bila kuitazama. Faili lipe jina lako na la mhusika, kama walivyoelekeza. Na simu iwe kwenye hali ya ndege unaporekodi, usije ukalia mbele ya jaji wa usaili na katikati ya chozi ikaingia simu ya shangazi.